Kambi ya siku moja, au hodi ya kila mwezi?

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni kikundi cha kina mama 24 hapa Mshomoroni, Kisauni. Tumechanga kwa miaka miwili na sasa tumetenga shilingi 60,000 tuwafanyie wazee wetu jambo la afya. Wengi katika kikundi wanataka kambi ya matibabu ya siku moja: mahema, daktari, dawa za bure. Tumeorodhesha wazee 38. Wengine hawana SHA (bima ya afya ya serikali), wengine hawatoki nyumbani, tuktuk ya kwenda zahanati na kurudi ni shilingi 200, na watoto wao wako Nairobi au Uarabuni. Je, kambi ndiyo njia bora? Pia jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, hataki hata kuguswa mkono. Asema presha yake anaijua Mungu. Nimfanyeje? – Mwenyekiti wa kikundi, Mshomoroni.

JIBU:

Marahaba, mwanangu. Nilipofika pale uliposema tayari mnayo orodha ya wazee 38, nilifurahi sana, maana orodha hiyo ina thamani kuliko hizo elfu sitini. Lakini nianze na swali lako: msifanye kambi. Chukueni pesa zizo hizo, mzigawe kwa miezi kumi na miwili, elfu tano kila mwezi, na mzitumie kwa jambo moja tu, nalo ni kurudi. Mzee apimwe leo, arudiwe mwezi ujao na ule unaofuata, na mtu yule yule, kwenye mlango ule ule.

Kambi nimefanya nyingi. Nimekuwa muuguzi wa afya ya jamii katika mji huu wa Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, na iko moja ambayo haijanitoka moyoni. Ilikuwa Likoni, kwenye uwanja wa shule, na tulipima watu zaidi ya mia mbili tangu asubuhi hadi alasiri. Akaja mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini Kilindini ujana wake wote. Presha yake ilisoma 190 kwa 110. Tulimpa vidonge kumi na vinne na barua ya kwenda hospitali, tukamwita anayefuata. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika anakaa wapi. Miezi mitatu baadaye nilikutana na binti yake kwenye feri, akaniambia baba yuko kitandani, upande wa kulia wote umelala. Vidonge alivimeza vyote, hakuruka hata siku moja. Vilipokwisha akasema amemaliza dozi, amepona. Barua ya hospitali waliikuta chini ya godoro.

Hilo neno "dozi" nimelifikiria sana tangu siku ile. Sisi wahudumu ndio tuliowafundisha watu: maliza dozi ya malaria, maliza dozi ya kifua kikuu. Mzee yule alitii tulichomfundisha. Lakini dawa ya presha haina kumalizwa. Ni kama mtungi wa maji wa nyumbani: umeujaza leo, na kesho utaujaza tena. Hayo yalitakiwa kuelezwa kwa utulivu, kisha yaelezwe tena mwezi wa pili pale vidonge vinapokaribia kwisha, na kambi haina mwezi wa pili.

Sisemi kupima si kitu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 juu ya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu robo ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Kupima kunahitajika sana. Ila nambari ikishaandikwa lazima awepo mtu wa kuifuata. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa vijijini Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka. Wahudumu wa jamii walifundishwa kumtembelea mgonjwa wa presha nyumbani kila baada ya miezi mitatu, kumpima, kuzungumza naye juu ya chakula na dawa, na kumpeleka kwa daktari hali ikiwa mbaya. Baada ya miaka miwili presha zao zilikuwa zimeshuka kuliko za wale walioachwa na utaratibu wa kawaida. Hawakujengewa hospitali mpya. Kilichobadilika ni kwamba mtu alirudi.

Na nyinyi hamuanzi na mikono mitupu. Mtaa wenu una wahamasishaji wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wapatao laki moja nchi nzima, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari, mizani, kipimajoto na simu ya kuandikia taarifa. Kila mmoja huangalia kama nyumba mia moja, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Nenda zahanati ukaulize wa kwenu ni nani, au muulize mzee wa mtaa. Lakini mfahamu na hali yake. Nyumba mia moja zina wajawazito, watoto wa chanjo, wagonjwa wa kifua, na taarifa za kuandika kwenye simu. Mzee asiyelalamika hufikiwa mwisho, na wazee wengi wa pwani hawalalamiki. Ukimuuliza hujambo, atakwambia sijambo hata akiwa hawezi kuinuka.

Hapo ndipo penye kazi yenu. Kina mama 24 ni jozi 12. Wazee 38 mkiwagawa, kila jozi itakuwa na watatu, na jozi mbili zitachukua wanne. Wazee watatu ni mzigo ambao mtu mwenye biashara na watoto anaweza kuubeba. Jozi ibishe hodi mara moja kwa wiki, dakika kumi, na mara moja kwa mwezi iende pamoja na CHP kupima. Anayepima ni yeye. Nyinyi mnajua kama mzee amekula, kama dawa zimebaki ngapi, kama amebadilika tangu juma lililopita. Msiandikiane dawa, na msimpe mzee mmoja vidonge vya mwenzake kwa sababu ugonjwa ni mmoja. Hilo limeua watu.

Kisha mwende kwa msimamizi wa zahanati, watu watatu, na orodha mkononi. Mwombeni siku moja ya kila mwezi, tuseme Jumanne ya kwanza, ambayo wazee wenu wataingia bila kupanga foleni ndefu na watapewa dawa za mwezi mzima. Msimamizi akijua wanakuja watu 30 siku fulani, anaweza kuagiza dawa kwa hesabu. Akishtukizwa, atawaambia dawa zimekwisha, na atakuwa anasema kweli. Wanaoweza kutembea watembee. Kwa wale ambao miguu imekataa, lipeni tuktuk. Wakiwa wanane ni shilingi 1,600 kwa mwezi. Zinabaki 3,400 za salio la simu, za karatasi za kipima sukari (zile za mkoba wa CHP huisha upesi), na za kununua dawa mwezi ambao zahanati imeishiwa. Mkinunua, iwe famasia yenye leseni, na iwe dawa ile ile iliyoandikwa.

Kwa wasiotoka kitandani yako mambo mawili. La kwanza, mwombeni muuguzi au afisa wa kliniki awafikie nyumbani angalau kila baada ya miezi mitatu. Zahanati nyingi zinao utaratibu wa kutoka nje, ila hungoja kuombwa. La pili tulijifunza kwenye huduma ya virusi vya ukimwi. Wagonjwa waliokuwa imara walijiunga kwa vikundi, mmoja akienda kituoni kuwachukulia wenzake dawa, na zamu ikazunguka. Njia hiyo iliwapunguzia watu safari na foleni. Sioni kwa nini bibi wa miaka 78 abebwe kwenye tuktuk kwenda kupokea vidonge ambavyo jirani yake angeweza kumletea, mradi presha yake imepimwa na kuandikwa wiki hiyo.

Sasa SHA, maana hapa watu wamechanganyikiwa na wazee wanaumia. Kujiandikisha ni jambo moja, kulipa ni jambo jingine. Mtu akishaandikishwa, huduma za zahanati na kituo cha afya hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, hata kama hajachanga chochote. Kwa hivyo kazi yenu ya mwezi wa kwanza ni kuhakikisha wote 38 wameandikishwa. CHP anaweza kuwasaidia, au mtumie *147# kwenye simu. Mchango ndio unaofungua mlango wa hospitali kubwa, kama za Port Reitz, Tudor au Makadara, pale mzee anapohitaji kulazwa. Kwa asiye na ajira ya mshahara, kiwango hutokana na tathmini ya hali ya nyumba yake, kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima, yaani 3,600. Tena kuna kosa nimelikuta nyumba nyingi. Mzee husema, "Mwanangu analipa SHA huko Nairobi, na mimi nimo." Hayumo. Malipo ya mtoto humbeba yeye, mwenzi wake na watoto wao. Mzazi lazima alipiwe kwa jina lake mwenyewe. Kwa hivyo wapigieni hao watoto wa Nairobi na Uarabuni, mmoja mmoja, mkiwa na nambari ya kitambulisho ya mzee tayari. Mtoto anayetuma elfu mbili za sikukuu kila mwaka hashindwi na hilo, ila hakuna aliyemwambia. Simu ikitoka kwa jirani aliyemlea utotoni, huisikiliza.

Inua Jamii, posho ya serikali kwa wazee, nayo ni ya aliyetimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi hufika kwa kuchelewa. Wako wanaostahili na hawapati kwa sababu kitambulisho kilipotea au alama za vidole hazisomeki. Vidole vilivyofua nguo za watu miaka arobaini, au kubeba magunia, huwa laini kama kigae. Msiwaachie wazee wenyewe kufuatilia hilo. Mmoja wenu aongozane na mzee hadi kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii, na arudi tena akiambiwa njoo kesho. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Serikali. Kitajeni pale dirishani, kwa upole, na msiondoke.

Rudi kwenye orodha yenu. Wazee 38 mliowaandika ni wale mnaowakumbuka. Wanaohitaji zaidi ni wale ambao hawakumbukwi: aliyehamia juzi kwa mjukuu, mpangaji wa chumba cha uani, mzee asiyezaa, aliyegombana na ukoo. Muulizeni kijana wa mkokoteni wa maji, yeye anajua ni mlango gani mtungi hupokelewa na mtu aliyekaa chini. Muulizeni mama wa viazi karai ni nani siku hizi hutumiwa mtoto badala ya kuja mwenyewe. Muulizeni muadhini ni nani ameacha kuonekana safu ya mbele, na katekista ni nani hupelekewa komunyo nyumbani. Natarajia mtapata kumi zaidi. Wale kumi wawe wa kwanza kutembelewa.

Juu ya kupima nitakaa kidogo, maana nimeona vipimo vya uongo vikimpa mzee dawa asiyoihitaji. Mzee akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu miwili imekanyaga chini, dakika tano bila maneno. Bila maneno kabisa, na hilo kwetu ni gumu, kwa sababu ukimtembelea mtu lazima muulizane habari za watu wote. Basi habari zitangulie, kisha kimya, kisha kipimo. Awe amekwenda msalani. Mkono ulale juu ya meza au mto, usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa buibui wala wa kanzu. Kwa sababu hiyo bibi apimwe chumbani, na mwanamke, mlango umerudishwa. Wako wanaokataa kipimo kumbe wanachokataa ni kufunuliwa mkono mbele za watu. Pimeni mara mbili, mwandike zote. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikawa hivyo hivyo siku nyingine, aende zahanati. Ikifika 180 kwa 110, asingoje Jumanne, aende siku ile ile.

Kwa wanaotumia dawa, pimeni pia akiwa amesimama, baada ya dakika moja hadi tatu. Nambari ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au akasikia kizunguzungu, mwambieni muuguzi. Wengi wa wanaoanguka usiku wakienda choo cha uani huanguka kwa sababu hiyo: wameinuka ghafla, giza, sakafu ina maji. Fundi wa mtaani akipigilia ubao wa kushika karibu na mlango wa choo, kwa mia chache, pengine ataokoa nyonga. Hilo nalo ni huduma ya afya.

Wanaume wazee msiwangoje nyumbani. Wafuateni barazani baada ya alasiri. Huko Los Angeles, Marekani, watafiti waliwafuata wanaume weusi wenye presha kwenye vinyozi 52. Kinyozi alipima, na mfamasia akawa anafika pale pale kuandika dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: baada ya miezi sita nambari ya juu ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 27, huku kundi la kulinganisha likishuka kwa 9 tu. Baraza letu ni kinyozi chao. Ila kahawa chungu hupandisha presha, na sigara pia, basi mpimeni kabla hajanywa, au asubiri nusu saa.

Siku ya kwanza ya kumtembelea mzee, mwombeni awaoneshe dawa zote alizonazo na mzimwage mkekani. Zote, za hospitali, za dukani, za kopo la biskuti, alizoachiwa na marehemu mumewe. Nimewahi kukuta amlodipini, dawa ya presha, ya aina mbili zenye majina tofauti ya kampuni, na bibi akimeza zote mbili kila asubuhi akidhani ni dawa mbili, miguu imevimba kama mito. Zipigeni picha, mpeleke zahanati. Mwangalie hasa diklofenaki na ibuprofeni. Hizi ndizo vidonge vya magoti vinavyouzwa viwili viwili dukani. Mzee akizimeza kila siku hupandisha presha na huharibu figo, kisha tunashangaa dawa ya presha haifanyi kazi.

Chakula nitakipitia haraka. Msimnyang'anye mzee mbaazi zake za nazi. Mahamri yapungue idadi, sukari ya chai ipunguzwe kijiko kwa kijiko, ng'onda iloweshwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa, achari iwe ya kuonja. Shirika la Afya Duniani hushauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo ndani ya mkate na samaki. Nyumba zinazopikia maji ya kisima yenye chumvi zisiongeze nyingine.

Kaskazi na Ramadhani ndizo zinanitia wasiwasi zaidi, hasa miaka hii ambapo saumu imeangukia kwenye joto kali la kaskazi. Mzee anayemeza vidonge vya kukojoza maji, amefunga, chumba cha mabati, hana hewa, hukauka upesi, na dalili ya kwanza huenda ikawa kuchanganyikiwa tu. Kwa hivyo mwezi wa Shaabani siku yenu ya zahanati iwe ya mazungumzo ya saumu. Kila mwenye kisukari aelezwe dawa ipi ihamie daku, ipi futari, na kipimo kipi kipunguzwe. Hilo la kupunguza huamua daktari peke yake. Anayetumia insulini asifunge bila ushauri. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (kwa kipimo cha mmol/L) afungue hapo hapo, na ikipanda juu ya 16.6 afungue pia na aende hospitali. Mgonjwa ameruhusiwa, na aya iko wazi katika Suratul Baqara. Lakini wazee wetu huona haya kuitumia ruhusa hiyo. Mwombeni imamu wa msikiti wenu aitaje Ijumaa moja kabla ya mwezi kuandama, kwa maneno yake mwenyewe. Mzee ambaye hatanisikiliza mimi miaka kumi atamsikiliza imamu dakika tano.

Macho: mzee akisema anaona kama kwenye moshi, mwandikieni muuguzi, huenda ni mtoto wa jicho, na huo upasuaji wake ni mfupi. Kitandani: ageuzwe kila saa mbili, shuka isiwe na mikunjo, mgongo na visigino vikaguliwe kila siku. Na muulizeni huyo mjukuu anayemwangalia amelala saa ngapi jana.

Kuna ugonjwa wa kusahau, ambao mitaani kwetu hupewa majina mabaya. Mzee anaficha vitu, anamtuhumu mkwe, anatoka usiku kutafuta nyumba iliyobomolewa zamani. Watu husema amechezewa, au ana jini, na wengine humwogopa mzee mwenyewe. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Ukianza ghafla ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi kuna kitu kingine nyuma yake, kama maradhi ya mkojo, sukari iliyoshuka au dawa mpya, na mzee apelekwe upesi. Na uko upweke, ambao haupimwi kwa mashine. Kule Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kuwasikiliza watu wenye huzuni kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionesha waliohudumiwa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nataka mlione hilo: bibi walikuwa ndio wahudumu. Katika wazee wenu 38 kuna wenye nguvu na busara. Wapeni kazi. Mzee aliyewahi kuwa karani na aandike daftari.

Kiharusi kila jozi ikijue kwa moyo. Uso umepinda upande mmoja, mkono ukiinuliwa unaanguka, maneno yanakorogeka: hospitali sasa hivi, na mwandike saa ilipoanza. Asipelekwe kwanza kuchuliwa, wala asinyweshwe kitu, atapaliwa. Kisomo kitamfuata hospitali, na asomewe hapo kitandani.

Hilo daftari liwe moja, la jalada gumu, likae kwa mtu mmoja. Jina, nyumba iko wapi (andikeni "nyuma ya mnazi uliokatika, mlango wa kijani", si nambari ya simu peke yake), dawa, presha, sukari, na safu ya mwisho pana kuliko zote: tarehe ya kurudi. Siku ya mkutano wa kikundi, kabla ya kuhesabu pesa, someni safu hiyo. Na mkiweza, mmoja wenu aingie katika kamati ya zahanati. Tangu sheria ya mwaka 2023 vituo vya umma hubaki na mapato yao na kuyapangia matumizi, na mtu mwenye daftari kama hilo mkononi ana la kusema dawa za wazee zinaponunuliwa.

Sasa jirani yako. Usibishane naye juu ya Mungu, kwa sababu hajakosea. Muulize polepole ameona nini. Huenda dada yake alipimwa Jumatatu akazikwa Ijumaa. Huenda anaogopa kuambiwa ana ugonjwa wa kulipiwa kila mwezi wakati yeye anategemea sahani ya jirani, na hataki kuwa mzigo. Mtaa wa Majengo nilikuwa na bibi wa namna hiyo. Nilikwenda mara mbili akanipa chai na kunikatalia mkono. Mara ya tatu niliona kucha zake za miguu zimekuwa ndefu hadi zimejikunja. Macho hayaoni tena mbali hivyo, na kiuno hakiinami. Nikamwomba ruhusa, nikaleta beseni, tukaloweka, nikazikata taratibu. Katikati ya vidole vya mguu wa kushoto palikuwa na kidonda ambacho mwenyewe hakuwa anakisikia. Tulipima sukari siku ile ile, kwa kutaka kwake.

Basi nenda na beseni la maji ya vuguvugu, taulo, na kikata kucha, si wembe. Maji yajaribu kwa kiwiko chako wewe kwanza, maana miguu yake huenda haisikii moto. Mashine iache nyumbani safari ya kwanza.